Aliyekunja Nyavu za Nikodemo

Mzee Nikodemo alikutwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa msitu, juu kidogo ya kijiji cha Kwemtindi, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine umenyooka kuelekea kwenye nyavu zake. Ilikuwa Ijumaa, saa mbili kasoro asubuhi, mwezi wa Novemba. Wanawake wawili waliokuwa wanakwenda kukata majani ya ng'ombe walidhani mzee ameteleza. Walipoinama ndipo walipoona damu nyuma ya sikio la kulia, imeingia mpaka kwenye kola ya koti.

Inspekta Mwanaheri alifika saa nne kwa gari la polisi kutoka Lushoto. Alikuwa mzaliwa wa milima hiyohiyo, mpelelezi wa miaka kumi na minne, mwembamba, si mwepesi wa kucheka. Nyuma yake alikuja Koplo Kristian, mtu wa haraka, ambaye kalamu yake ilizoea kukimbia kuliko masikio yake.

"Nani amemgusa?" Mwanaheri aliuliza.

"Hakuna, afande. Wameogopa," alijibu mgambo wa kijiji.

Alichuchumaa. Damu ilikuwa imekauka kingo, katikati bado. Palikuwa na pigo moja tu. Nyasi hazikuwa zimevurugika, maana yake marehemu hakupambana na mtu. Alimjua huyu aliyempiga, au hakumwona kabisa.

Akanyanyua macho. Mbele yake zilisimama nyavu sita za kunasia ndege, nyuzi nyembamba hata huzioni mpaka uzikaribie, kila moja imefungwa kati ya miti miwili ya mianzi. Zote sita zilikuwa zimekunjwa vizuri na kubanwa kwa vipande vya kitenge. Mwanaheri aliziona, akazipita. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alikuja kulikiri kosa hilo kwa kinywa chake mwenyewe.

Maana nyavu zile hazikuwa siri Kwemtindi. Kila mwaka, baridi inapoanza huko Ulaya, ndege wadogo waimbaji hufunga safari, wakavuka bahari na jangwa, wakaja kukaa miezi yao Usambara. Kwa miaka ishirini Nikodemo alikuwa mlinzi wao. Aliwanasa, akawapima uzito, akawavisha pete ndogo yenye namba mguuni, akawaachia. Wataalamu waliomfundisha kazi hiyo walikuwa wamekwisha ondoka, yeye akabaki, na kamati ya maliasili ya kijiji ikawa nyuma yake. Aliyewatega kwa kuwala alipelekwa mbele ya kamati. Aliyewatega kwa kuwauza, wakafungiwe kwenye matundu mijini na nje ya nchi, alipelekwa polisi. Watu walimwita Baba wa Ndege, mwanzoni kwa utani, mwishoni kwa heshima.

"Afande, njoo uone," Kristian aliita.

Kwenye majani, hatua tano kutoka kwenye mwili, palikuwa na mzigo wa vijiti vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba. Ncha zake zilikuwa nyeusi. Mwanaheri hakuhitaji kuambiwa. Ni ulimbo, utomvu wa mti unaochemshwa na mafuta hadi uwe gundi. Unapaka vijiti, unavipanga kwenye matawi, ndege akitua miguu imeshika, akipapatika mabawa nayo yameshika.

Watu waliokusanyika walitaja jina moja kabla hawajaulizwa. "Sharifu."

Pembeni alisimama mwanamke mmoja ambaye hakutaja lolote. Huyo alikuwa Yunis, mjane wa miaka arobaini na sita, katibu wa kamati, na mtu wa pili kijijini aliyefundishwa kazi ya kuvisha pete. Alikuwa amefanya kazi na marehemu miaka kumi na minane.

"Shikamoo dada Yunis. Pole sana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Leo hamkuwa pamoja?"

"Zamu yangu ni Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine ni zake."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

Yunis alitazama vile vijiti. "Watu wanasema," alijibu, akajitanda kitenge vizuri mabegani.

Saa nane mchana Mzee Sharifu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kituoni Lushoto, kofia mkononi, anapumua kwa mluzi. Alikuwa na miaka sabini na moja na pumu ya miaka mingi. Zamani hakuna aliyemshinda kwa kutega katika vijiji vyote vya mpaka ule. Aliwahi kufungwa miezi sita kwa mashitaka aliyoyapeleka Nikodemo, na siku alipotoka alisema hadharani kwamba iko siku watakutana msituni wawili tu. Maneno hayo yalikuwa na umri wa miaka minane, lakini kijiji kiliyatunza kama mbegu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Kifua kilinibana."

"Nani shahidi?"

"Mke wangu."

"Jumatano uligombana na marehemu sokoni?"

"Tulizungumza."

"Watu wanasema alikufokea."

"Alinifokea, ndiyo. Nilimuuliza mbona kichaka cha bondeni kimekuwa kimya. Msimu huu kinatakiwa kiwe na kelele. Akaniuliza mimi na ndege wapi na wapi."

Mwanaheri akaweka mezani ule mzigo. "Vijiti hivi unavijua?"

"Navijua."

"Ni vya nani?"

"Ni vyangu."

Kalamu ya Kristian ilikimbia mpaka mwisho wa mstari, ikasimama. Mwanaheri naye aliona inatosha. Alikuwa amechoka, na nje ya lango palikuwa na vijana wa Kwemtindi waliokuja na pikipiki kuhakikisha mtu hatoki. Akatia saini karatasi ya kumweka mzee mahabusu.

Jioni mke wa Sharifu, Bi Hadija, alikuja na chupa ya uji na dawa ya kuvuta ya mumewe imefungwa kwenye leso.

"Atatoka lini?"

"Jumatatu anapelekwa mahakamani, mama."

"Na atapata dhamana?"

"Kesi ya mauaji haina dhamana."

"Basi atakaa huko gerezani mpaka lini?"

"Mpaka upelelezi ukamilike."

"Unakamilika lini?"

Mwanaheri alijua mafaili ya mauaji yanavyolala, mwaka unaisha, wa pili unaingia, na alijua sakafu ya mahabusu ilivyo baridi. Mzee mwenye kifua kama kile hamalizi mwaka. Bi Hadija aliikabidhi ile leso kwa mikono miwili, akaondoka bila kulia, na hilo lilimuumiza Inspekta kuliko kilio.

Jumamosi asubuhi daktari wa hospitali alimaliza uchunguzi wa maiti.

"Pigo moja," alisema huku akinawa mikono. "Kitu kizito, butu, cha mti. Kuna chembe za mti kwenye kidonda. Amekufa kati ya saa kumi na mbili na saa moja."

"Papo hapo?"

"Hapana. Huyu alipumua robo saa hivi. Angepata msaada, sijui. Labda."

Mwanaheri alirudi kituoni na hilo "labda" kichwani. Aliagiza vielelezo vyote vitolewe uani. Kwa nini, hata yeye hakujua sawasawa. Kilichomkera ni kwamba kesi ilikuwa imekwisha kabla yeye hajaanza kufikiri.

"Fungua hizo nyavu, Koplo."

"Zote, afande?"

"Zote."

Ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili, vinyoya. Walipoivuta ya nne na kuitandaza kwenye jua, Kristian aliinama karibu. Katikati ya wavu, ndani kabisa mwa mikunjo, kulikuwa na matone ya damu iliyokauka, yametawanyika kwa mstari.

"Nje ilikuwa safi," Mwanaheri alisema. "Niliiangalia jana. Nje hakuna hata tone."

"Maana yake?"

"Maana yake damu iliruka wavu ukiwa wazi. Halafu ndiyo ukakunjwa."

"Marehemu hawezi kukunja."

"Hawezi. Mtu alimpiga mwenzake, akamwacha chini, akakunja nyavu sita, moja moja, akazifunga na vitambaa. Niambie, Koplo, wewe ukiua mtu utakaa kukunja nyavu?"

"Mimi ningekimbia."

"Hata mimi. Mlete mzee."

Mzee Sharifu aliletwa uani, akapewa maji, akaketi kwenye benchi. Mwanaheri alimwonyesha wavu uliotandazwa.

"Mzee wangu, hebu nikunjie huu kama ulivyokuwa."

Sharifu aliushika. Mikono iliyotega ndege miaka hamsini ilitafuta mwanzo wa wavu, haikuupata. Alivuta huku, ukajifunga kule. Kifungo cha shati kikanasa. Baada ya dakika tano Kristian alilazimika kukata uzi ili amtoe.

"Mimi ni mtu wa ulimbo," mzee alisema kwa aibu. "Vitu hivi vya kizungu sijawahi kuvigusa."

"Nani anaweza?"

"Nikodemo. Na yule mama Yunis. Wana namna yao, wanauzungusha hivi na hivi huku wanatembea. Wanasema usipoukunja ukauacha wazi, ndege ananing'inia mpaka anakufa. Hata mvua inyeshe, hawaondoki mpaka wamekunja."

Mwanaheri akachukua ule mzigo wa vijiti, akampa mkononi.

"Na hivi?"

Mzee alipitisha kidole kwenye ncha nyeusi, akakiangalia. Kidole kilikuwa na vumbi.

"Huu umekufa. Ulimbo ukishika vumbi ndiyo basi, hata inzi haumshiki. Una miaka mitatu huu."

"Ulisema ni wako."

"Ni wangu. Kamba yangu naijua. Nilimkabidhi Nikodemo mwenyewe, akauweka kwenye stoo ya kamati."

"Kwa nini ulimkabidhi?"

"Nilikuwa nimeacha. Alinijia nyumbani akanipa habari za ndege wale, nikaacha."

"Mbona hukusema jana?"

"Jana mliuliza ni vya nani."

Kristian aliinamisha kichwa. Mwanaheri hakumlaumu, maana swali la pili lilikuwa kazi yake yeye, si ya koplo, na kwa kukosa swali hilo moja mzee wa watu alikuwa amelala usiku mzima kwenye saruji. Aliona aibu, na hakujaribu kuificha.

"Nisamehe, baba."

"Uliza sasa."

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Wanao wawili. Nikodemo mmoja. Yunis mmoja."

Nikodemo alizikwa Jumapili baada ya ibada. Watoto wa shule waliimba, wengine wamevaa kofia za karatasi zenye picha za ndege walizochora wenyewe. Yunis alisimama kando ya kaburi akatoa neno la kamati. Alisema marehemu aliwafundisha watu wa Kwemtindi kwamba kiumbe chenye uzito wa barua kinaweza kuvuka bahari, na kwamba kinakuja kwao kwa kuwaamini. Sauti haikumtetemeka. Mjane wa marehemu, Scholastica, alimshika mkono na kuushikilia muda mrefu.

Mwanaheri alisimama nyuma ya watu, mtandio kichwani, akangoja. Alijua wakubwa hawatamwachia Sharifu kwa wavu na vumbi tu. Alingoja udongo ujae, shada liwekwe, watu wamalize kula, wanawake waanze kukusanya masufuria. Ndipo akamsogelea.

"Dada Yunis, samahani kwa leo. Nahitaji unionyeshe stoo."

"Leo?"

"Kesho saa tatu Mzee Sharifu anasomewa mashitaka."

Yunis alitoa ufunguo kwenye pindo la nguo.

Stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kijiji. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Madaftari yalipangwa kwa miaka. Mizani ndogo ilikuwa kwenye sanduku. Mitego iliyokamatwa ilipangwa kwenye rafu ya chini, kila mmoja na karatasi yenye jina la mwenyewe na tarehe. Mbele ya karatasi iliyoandikwa Sharifu palikuwa patupu, na vumbi lilichora umbo la mzigo wa vijiti. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia nyundo ya mti ya kugongelea vigingi. Ilikuwa safi kupita vitu vyote mle ndani.

Kristian alitoa wavu mmoja kwenye mfuko, akaunyosha kati ya nguzo mbili.

"Nimeshindwa kuukunja," Mwanaheri alisema. "Nisaidie."

Yunis aliutazama wavu, akamtazama Inspekta. Kisha akausogelea. Mikono yake ilikwenda yenyewe, inazungusha, inabana, hatua kwa hatua mpaka nguzo ya pili, akafunga kitambaa kwa fundo dogo la kuvutwa. Haikuchukua dakika mbili. Fundo lilikuwa lilelile lililofungwa kwenye nyavu sita siku ya Ijumaa.

"Wavu wa nne una damu ndani," Mwanaheri alisema taratibu. "Ndani, dada yangu. Si nje."

Yunis aliweka mkono kwenye nguzo.

"Nilikuwa najiuliza mtaona lini," alisema.

"Ngoja. Kabla hujaendelea nakuonya kwamba hulazimiki kusema neno. Lolote utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andikeni."

Alikaa juu ya sanduku la mizani. Akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake, akamimina kilichokuwamo juu ya meza. Zilikuwa pete ndogo za bati, kila moja imekatwa upande mmoja. Kristian alizihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa kumi na mbili.

"Hizi ni nini?"

"Ni zangu. Nilizivisha mimi, kwa mikono hii. Mnunuzi hataki ndege mwenye pete, maana itajulikana ametoka msituni."

"Nani alizikata?"

"Nikodemo."

Kalamu ya Kristian ilisimama. Mwanaheri alimfanyia ishara aendelee.

"Eleza tangu mwanzo."

"Alhamisi, kwenye zamu yangu, niliokota moja chini ya wavu wa nne. Hii hapa. Namba yake niliijua kabla sijafungua daftari. Ni ndege wa kijivu, dume, mwenye kofia nyeusi kichwani. Amerudi kwenye kichaka kilekile miaka mitano. Mume wangu alikufa mwezi wa Novemba, na kesho yake asubuhi ndege yule alirudi mara ya kwanza. Sisemi ni muujiza. Nasema nilikuwa namngojea kila mwaka."

"Ijumaa ukaenda."

"Nilikwenda alfajiri nimwambie Nikodemo kuna mtu anatuibia. Nilikimbia. Nilikuwa namwonea huruma, nikijua moyo utamvunjika." Akazisogeza pete kwa kidole. "Nikamkuta amekaa chini, koleo mkononi. Pembeni matundu mawili yamefunikwa gunia la karoti. Hushushwa Mombo mjini kama mizigo ya karoti, huko kuna mtu anayapokea."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Yunis, umekuja siku isiyo yako.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuuliza kwa nini. Hakupandisha sauti. Akasema tumehesabu miaka ishirini na kila mwaka wanapungua. Huko wanakotoka vichaka vinakatwa, njiani wanategwa, na sisi tunawavisha pete. Siku wakiisha tutabaki na madaftari. Akasema afadhali apate chochote kabla hawajaisha."

"Halafu?"

"Akanigeuzia mgongo, akaingiza mkono kwenye tundu, akatoa mwingine. Nikasikia koleo likikata. Nyundo ilikuwa pale chini, karibu na mguu wangu."

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia aache."

Nje wanawake walikuwa wanaosha vyombo, sufuria inagonga sufuria. Mwanaheri aliuliza swali ambalo hakutaka kuliuliza.

"Alipoanguka ulifanya nini?"

"Nilifungua matundu. Thelathini waliruka. Mmoja hakuruka, nikamzika. Nikaokota pete zilizokatwa. Kwenye nyavu kulikuwa na watatu wamenasa, nikawatoa, nikakunja. Matundu nikayatupa korongoni, pale panapoota mianzi. Nyundo nikaja kuiosha, nikachukua na vijiti, nikarudi kuviacha pale."

"Wakati unakunja, Nikodemo alikuwa anapumua?"

"Sijui."

"Hukumwangalia?"

"Sikumwangalia."

"Uliangalia ndege."

"Niliangalia ndege," Yunis alisema, na hapo kwa mara ya kwanza uso wake ulivunjika. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Inspekta. Pigo nilipiga kwa hasira. Lakini robo saa nzima nilikuwa na akili zangu."

"Na Sharifu? Ulikuwa na hasira naye pia?"

"Hapana. Nilimchagua kwa sababu watu wangeamini upesi. Nilijiambia aliua ndege maelfu, si mtu wa kuonewa huruma."

"Ana pumu. Ulijua?"

"Nilijua."

Kristian alimaliza ukurasa wa tano. Yunis alinyosha mkono, akaugusa mkono wa Mwanaheri, kama mtu anayemwomba ndugu yake.

"Nakuomba jambo moja. Mzee umtoe leo hii. Mimi nifungeni, sina neno. Lakini andikeni kwamba tuligombania shamba, au nilimpenda akanikataa, andikeni lolote mnalotaka. Hili la kuuza msiliandike."

"Kwa nini?"

"Uliwaona wale watoto leo na kofia zao? Watu hapa waliacha kutega kwa sababu ya Nikodemo, si kwa sababu ya sheria. Wakisikia yeye mwenyewe alikuwa anatega, wiki hii hii watarudi msituni wote. Na watakuwa na haki ya kutucheka. Miaka ishirini itakuwa bure. Nimekaa kimya siku mbili kwa ajili hiyo, si kwa kuogopa jela."

Mwanaheri alimhurumia. Alimhurumia kweli, maana yeye mwenyewe, akiwa mtoto, alikuwa amekula ndege wale wakiwa wamechomwa kwenye kijiti, na leo watoto walikuwa wakiwachora. Lakini alikuwa amekwisha andika uongo mmoja wiki ile, nao ulikuwa umelala kwenye saruji usiku mbili.

"Dada yangu, mnunuzi wa Mombo yuko hai, na namba yake haikosi kuwamo kwenye simu ya marehemu. Nisipoandika, kesho atampata mtu mwingine. Naandika yote."

Yunis aliondoa mkono wake. Akaomba kalamu, akasoma kurasa tano polepole, akatia saini kila ukurasa.

Jumatatu saa mbili asubuhi, mara karatasi zilipotiwa saini, Mzee Sharifu alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda, viatu na kofia. Koplo Kristian, aliyekuwa amelala hapohapo kituoni, alimletea chai, akaisimamia mpaka mzee akaimaliza.

Kwenye korido, juu ya benchi, Yunis alikuwa amekaa na askari wa kike, akingoja gari la kumpeleka mahakamani. Alipomwona mzee akitoka, alisimama.

"Shikamoo, baba."

Sharifu alimtazama. Pumzi yake ilisikika korido nzima. Mwanaheri alisogea karibu, akihofia kitakachofuata.

"Marahaba," mzee alisema hatimaye. Kisha akauliza, "Wameniambia habari ya Nikodemo. Ni kweli alikuwa anauza?"

"Ni kweli, baba."

"Wewe uliona kwa macho?"

"Kwa macho yangu."

Mzee aliketi kwenye ncha ya benchi, kofia gotini. "Mimi niliacha kwa maneno yake," alisema. "Kazi ya baba yangu na ya babu yangu. Sikuacha kwa kufungwa. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akanieleza mpaka magharibi, nikaacha."

Yunis aliinamisha kichwa. Ndilo alilokuwa analiogopa, na sasa lilikuwa limekaa pembeni yake.

"Basi utarudia, baba?" aliuliza, sauti haisikiki vizuri.

"Alinambia ndege wale wadogo wanatoka Ulaya mpaka hapa kwa mabawa yao. Wanavuka jangwa bila maji. Alinambia wengine hurudi mti uleule." Alimgeukia. "Na hayo yalikuwa uongo?"

"Hapana, baba. Hayo ni kweli."

"Una hakika?"

"Nimewaandika mwenyewe."

"Basi hayo ndiyo yaliyoniachisha," Mzee Sharifu alisema.

Akavaa kofia, akamuaga Inspekta, akaenda stendi kutafuta gari la Kwemtindi.